Baba Akisikiliza Zizi la Watu

3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili na kusema kwamba ninayoyalalamikia mezani niyaandike humu, chakula kipate kushuka. Haya, naandika. Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo mdogo wangu wa kike ametutumia albamu yake.

Tunamwita Kelele tangu utotoni, kwa sababu hakuacha sufuria wala mlango bila kuugonga. Wenzake walikua wakaacha. Yeye amefanya kugonga kuwa kazi, na huko mjini kwake watu wanampigia makofi. Albamu inaitwa Zizi la Watu. Ameituma ndani ya flashi, pamoja na spika mpya ya Baba, maana macho ya Baba yamefifia na redio yake inakoroma kuliko yeye. Kwenye kifurushi kulikuwa pia na kitambaa kizuri cha mke wangu. Mimi nimepata salamu.

Baba alituketisha sote watatu. Wimbo wa kwanza hauna wimbo ndani yake. Ni kwato kwenye sakafu ya saruji, zinakuja, zinakuja, hazifiki. Halafu mnyororo. Halafu sauti ya Kelele, nzito, kama anaongea ndani ya pipa: "Mlango huu niliufungua mwenyewe, na mimi sina mikono." Mke wangu akavuta kanga mabegani, akasema hizi nyimbo ni za kuzimu, akaenda zake kushona. Mimi kwato zile nilizitambua mara moja. Ni za machinjioni kwetu, ninapofanya kazi. Baba alifumba macho akatabasamu.

Tabasamu lile silijui, na mimi ndiye ninayeishi naye.

4 Machi

Mvua. Baba amesikiliza tena.

6 Machi

Kama ni kuandika, basi niandike vizuri. Mimi sichinji. Kazi yangu ni kuwatoa ng'ombe zizini na kuwapitisha kwenye kichochoro kile chembamba mpaka mlangoni. Ndani yuko mchinjaji, na baada yake mchunaji wa ngozi. Ng'ombe akifika mlangoni na hofu, anaruka, anavunjika mguu, nyama yake inakuwa nyeusi na ngumu, na daktari wa mifugo anatunung'unikia siku nzima. Akifika ametulia, hakuna anayejua kwamba kuna mtu aliyemtuliza. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyo. Ikifanyika vizuri haionekani.

Kabla yangu aliifanya Baba, mpaka magoti yalipomkatalia. Yeye alikuwa akiwaimbia, na alisifika kwa hilo. Mimi siimbi. Mimi ni mtu wa kimya, kila anijuaye atakwambia. Natembea kwenye bega la mnyama, mkono mgongoni kwake, mdomo nimeufunga, naye anakwenda. Nadhani nawapitisha vizuri kuliko Baba, ila yeye hajasema. Siku niliyoanza aliniambia neno moja, "Tazama," nikatazama. Tangu siku hiyo sijapata kwake hata "sawa".

Kiangazi kilichopita Kelele alikuja na vinasa sauti vyake, akavitundika zizini na kichochoroni kama mtu anayeanika soksi. Jioni alikaa na Baba kumhoji, na Baba akaongea. Aliongea mpaka chai ikapoa. Mimi nilipewa neno moja, yeye alipewa kiangazi kizima. Na mimi ninayeifanya kazi yenyewe aliniuliza kitu kimoja tu, nikiwa naosha buti, hata sikumbuki nini. Nilimwambia afanye atakalo.

9 Machi

Sasa imekuwa ada. Baba anasikiliza kabla ya chakula, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtu akimkatiza anarudi mwanzo kabisa. Jana jirani alikuja kuazima ngazi wakati albamu inakaribia kwisha. Baba akamsubiri aondoke, akaanza upya. Tulikula wali uliokauka.

Mke wangu spika ikiwashwa tu anakalia cherehani na kukanyaga kwa nguvu ili asisikie. Mimi nimevumilia mpaka wimbo wa tatu. Huo ni mahakama: watu wameshtakiwa, na wanyama ndio mahakimu, lakini hawajui kusema, kwa hiyo wanapumua tu. Unasikia mtu anajitetea, anajitetea, na pumzi zinamjibu. Unatisha, sikatai. Kisha wimbo wa nne unaanza na sauti ya Baba mwenyewe. Anasema, "Ng'ombe haelewi unachosema, lakini anajua kama unamdanganya."

Hayo hakuniambia mimi. Nikachukua buti zangu nikaenda kuziosha nje, ingawa zilikuwa safi.

Nina wivu. Nimeandika.

14 Machi

Mvua. Buti hazikauki.

17 Machi

Redio imemsifu Kelele. Mtangazaji alisema ni kazi ya giza na ya upole, na kwamba wimbo wa mwisho ulimfanya asimamishe gari pembeni. Sijui mtu anayeendesha gari akisikiliza wimbo wa mwisho anatafuta nini. Baba alimwomba mke wangu aongeze sauti. Wanasema nabii hakubaliki kwao. Huyu wetu amekubalika hadi jikoni.

20 Machi

Kazini wameipata albamu. Mchunaji, ambaye tumeanza naye kazi pamoja na ambaye hana siri wala haya, alinipita na ndoo akaninong'oneza sikioni kwa sauti laini, "Taratibu, mama, taratibu." Wote wakaangua kicheko. Nikajua ni maneno ya Kelele kutoka huko kwenye nyimbo zake. Nikawaambia kama wanamtaka fundi wa nyimbo wamfuate kwake, mimi hapa nina kazi. Wakacheka zaidi. Hata mlinzi wa getini, ambaye hacheki mpaka mwisho wa mwezi, alicheka.

Kwa hiyo sasa hata pale, mahali pekee ambapo mimi ni mtu, nimekuwa kaka wa Kelele.

23 Machi

"Taratibu, mama." Leo alikuwa mchinjaji.

28 Machi

Mvua kubwa, radi. Ng'ombe walifika wamelowa na macho yamewatoka. Ilikuwa siku ngumu kuliko zote mwaka huu, na hakuna hata mmoja aliyeruka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka ule uchovu wa mtu aliyeshinda. Nilitaka kumwambia Baba. Nilivua buti, nikakaa karibu yake, nikasema leo kulikuwa na radi. Akainua kidole ninyamaze. Zilikuwa kwato za mwanzo.

1 Aprili

Kelele alipiga simu. Baba aliongea naye muda mrefu, na mwisho akamwambia, "Asante, mwanangu. Umenipa kitu." Kwa mkono wangu mimi anakula, kwa mkono wangu anapanda kitandani magoti yakiuma, na sijawahi kumpa kitu.

Roho iliniuma mpaka nikaona aibu. Aibu haikunizuia. Alipokwenda kunawa, niliichomoa flashi nikaitia mfukoni.

2 Aprili

Baba aliipapasa spika upande ule na upande huu. Akauliza kama tumeiona. Mke wangu alisema hapana, na alikuwa anasema kweli. Mimi nilisema hapana pia.

3 Aprili

Tumekula mapema. Chakula cha moto, nyumba kimya. Nilidhani nitafurahi.

5 Aprili

Mke wangu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuniangalia. Alisema flashi haina miguu. Nikajitia hamnazo.

8 Aprili

Baba hajauliza tena. Anakaa kwenye kiti chake akiiangalia spika kana kwamba ina deni naye.

11 Aprili

Leo nataka kuandika yote.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kupitisha wa kwanza na narudi zizini kumchukua wa pili, nikamwona mlinzi anakimbia kuelekea ukuta wa nyuma, kule kwenye uzio wa waya unaopakana na kichochoro. Nikadhani ng'ombe ametoroka. Nikamfuata.

Alikuwa Baba. Amesimama nje ya uzio, ameshika waya kwa mikono miwili, kichwa wazi, kofia imeanguka matopeni. Alikuwa amelowa hadi shati limegandamana na mbavu. Kutoka nyumbani hadi pale ni mwendo ambao mimi mwenye magoti mazima naulalamikia. Sijui amepitaje kwenye lile tope, kwa macho yale.

Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Endelea na kazi." Nikamwambia ataugua. Akasema tena, "Endelea na kazi, mwanangu, mimi siwasumbui." Mlinzi akamvua mikono kwenye waya, kidole kimoja kimoja. Tukambeba kwa mkokoteni wa ngozi, maana gari halikuwepo, Mchunaji akisukuma na mimi nikimfunika na aproni yangu. Mchunaji hakutania hata neno.

Njia nzima nilijua kilichomtoa. Amekosa sauti za binti yake, amekuja kutafuta zilikotoka. Anaweza kutembea kwenye mvua na magoti mabovu kwenda kusikia kwato, kwa sababu kwato zimepitia mikononi mwa Kelele. Na mimi ndiye niliyemfanya atembee. Nilikuwa naogopa asife, na hapo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nina wivu. Vyote viwili vilikaa pamoja wala havikugombana.

Tulipofika nilimvisha nguo kavu. Nikaitoa flashi mfukoni, nikaichomeka mahali pake mbele ya mke wangu. Mke wangu alitazama, akaenda kuchemsha maji.

12 Aprili

Baba anakohoa. Daktari amesema kifua bado ni kizuri, apumzike. Aliigusa spika, akaikuta flashi, hakuuliza ilikuwa wapi. Hajaiwasha. Kelele ameambiwa, anakuja.

15 Aprili

Kelele amefika na mabegi mawili ya nyaya na begi dogo la nguo. Alimkumbatia Baba, akamkumbatia wifi yake, akanipa mkono. Tunaogopana kidogo, nadhani. Mke wangu alikuwa amepika vizuri. Baba akasema chakula kitangoja, kwanza tusikilize, wote, na hakuna wa kwenda kushona wala kuosha buti. Kumbe alikuwa anajua.

Tukakaa. Kwato, mnyororo. Mbwa wanaomsubiri mtu ambaye harudi. Mahakama. Sauti ya Baba. Kisha nyimbo ambazo sikuwahi kuzifikia: kuku elfu wanaolala kwa pamoja taa zikizimwa, mama anayembembeleza mtoto huku nyuma yake kisu kinanolewa, chuma na jiwe, kwa mapigo yale yale ya bembelezo. Nilitaka kuchukia. Nywele zilinisimama, lakini nilikuwa nimejiandaa kuchukia na nikaendelea.

Wimbo wa mwisho hauna ala. Kuna mvua ndogo ya kiangazi juu ya bati, hatua za mnyama, na hatua za mtu mwenye buti. Na mtu anaongea. Anaongea chinichini, karibu na sikio.

"Taratibu, mama. Taratibu. Umetoka mbali, najua. Umechoka. Usiangalie kule, angalia huku. Niko hapa. Hakuna anayekuharakisha. Mzuri wewe. Mzuri sana wewe. Twende pamoja."

Nikajiuliza ni nani huyo. Nakula kiapo, nilijiuliza. Nilifikiri Kelele amemkodi mtu mwenye sauti nzuri. Kisha mtu yule akakohoa, na ni kikohozi changu.

Nilisimama. Nilimwambia Kelele ameniiba. Nikasema hayo si yangu, mimi siongei kazini, mimi ni mtu wa kimya, na kama ni yangu basi hakuwa na haki. Yeye akasema polepole, "Kaka, nilikuuliza. Ulikuwa unaosha buti. Ulisema nifanye nitakalo." Nikasema sikujua ananiuliza nini. Akasema hakujua kwamba mimi sijui, nani hajui kwamba anaongea? Tukaanza kupandishiana kama tulipokuwa watoto, mpaka Baba akainua kidole.

Akabonyeza, akarudisha mwanzo kabisa.

Basi tukasikiliza tena yote, njaa inatuuma, wali unakauka. Ilipofika mwisho tena, mtu yule akasema "twende pamoja", mlango ukafunguka, hatua za mnyama zikaingia, na hatua za buti zikarudi peke yake. Hapo ndipo albamu inapoishia. Kwenye buti zangu zinazorudi.

Baba akazima spika. Akamwambia Kelele, si mimi, "Mimi nilikuwa nawaimbia kwa sababu nilikuwa naogopa. Huyu haogopi. Huyu anakwenda nao." Akaigusa flashi, akasema, "Hii yako ilipopotea, nilikwenda kuisikia inakotoka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto. Akasema, "Ukimwambia mtu jinsi anavyotembea, atajikwaa."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu mmoja msimu mzima, na yule mtu ni mimi.

16 Aprili

Nilidhani yamekwisha. Hayajaisha.

Kelele amekwenda dukani, Baba amelala. Mke wangu tangu jana hajasema zaidi ya "chumvi hii hapa". Nilimuuliza kulikoni. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa hiyo maneno unayo."

Sikuelewa. Akaendelea, bila kupandisha sauti, na ndiyo iliyonitisha. Alisema ameishi na mimi akijua sikujaliwa maneno, akasema basi, kila mtu na alichopewa, huyu kapewa mikono. Alipojifungua mtoto wetu, ambaye sasa ana kwake, nilikaa pembeni nikatazama ukuta. Mama yake alipofariki nilimletea maji. Hakulalamika, kwa sababu huwezi kumdai mtu asichonacho. "Kumbe unacho. Unakwenda kukimwaga kwa ng'ombe."

Nikasema ng'ombe wale wanakwenda kufa.

"Na mimi nitaishi milele?"

Akarudi kwenye cherehani.

18 Aprili

Baba alisema kweli. Leo nilimshika mnyama bega, na nikajisikia. Nilipofungua mdomo nilisikia spika. Nilipoufunga, mnyama akasimama katikati ya kichochoro akarudi nyuma, akagonga ubao, na wenzake zizini wakaanza kulia. Mchunaji alitoka ndani ikabidi asaidie. Hakutania. Aliniambia, "Ongea tu, bwana. Sisi tulikuwa tunacheka, lakini humu ndani tulikuwa tunangoja sauti hiyo. Ikifika, tunajua anakuja aliyetulia."

Sikuongea.

19 Aprili

Mvua. Wawili wameruka. Mmoja amevunjika.

22 Aprili

Kelele ameondoka. Getini nilimwambia albamu yake ni nzuri. Ilinitoka kama jino, lakini ilitoka. Alilia kidogo akasema alikuwa ananionea wivu tangu utotoni, kwamba mimi nilibaki na Baba na yeye akabaki na sufuria. Nilimbebea nyaya hadi kwenye gari.

25 Aprili

Leo nimeongea. Nilikuwa najua naongea, na ni kazi nyingine kabisa. Nilipofika kwenye "niko hapa" nilikwama, maana niko hapa mpaka mlangoni tu, na mnyama anajua mtu akimdanganya. Nikamwambia, "Nakufikisha mlangoni, mama. Mbele ya hapo siendi na wewe." Alikwenda. Nilirudi zizini nikiwa nimeshika ukuta.

Baba aliniuliza jioni kulikuwaje. Ameniuliza yeye mwenyewe. Nikamsimulia, na spika ilikuwa imezimwa.

30 Aprili

Mvua imepungua, inadondoka tu kwenye mabati. Nimerudi mapema, nimeoga, nimekuta mke wangu kwenye cherehani kama nilivyomwacha asubuhi. Sare za shule zimemjaa hadi magotini, na shingo ameiinamisha upande mmoja, anavyofanya mgongo ukimuuma. Nimemwona hivyo mara nyingi nikapita kwenda kula.

Nilisimama kwenye bega lake. Mkono ukaenda wenyewe mgongoni kwake. Nikasema, "Umechoka, najua. Taratibu, mama. Hakuna anayekuharakisha."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Hakugeuka.

"Unanipeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia simpeleki popote, nimekuja kukaa. Alifikiri, kisha akaondoa rundo la sare kwenye kiti cha pili, akanisogezea.